Konzi Moja ya Chumvi ni Gramu Ngapi

Kitu cha kwanza nilichotakiwa kununua ni mizani. Nilikuja kukinunua cha tisa, baada ya blenda mbili (moja iliungua mota), sufuria la kupikia shughuli, chupa, lebo za rangi, fulana yenye jina la biashara mgongoni, na kadi za biashara 500 ambazo hadi leo wanangu wanachorea katuni.

Naanza na hilo kwa sababu karibu kila wiki kuna mtu ananiandikia WhatsApp: "Dada, nataka kuanza pilipili ya chupa, mtaji shilingi ngapi?" Wote wanauliza mtaji. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza, "Dada, unafanyaje sufuria la leo liwe na ladha kama la mwezi uliopita?" Na hapo ndipo nilipomwaga jasho, machozi, na siku moja chupa sitini chooni. Nitafika huko.

Pilipili ninayouza ni ya Bibi yangu, Ngamiani, Tanga. Kwetu wali ukiletwa mezani bila pilipili ya embe, mtu anauliza kama kuna ugomvi jikoni. Bibi huanza usiku, analoweka ukwaju kwenye bakuli la udongo. Asubuhi anaufikicha kwa vidole mpaka kokwa zinabaki tupu zinang'aa. Pilipili mbuzi anazitoa vikonyo, anazichemsha kwa maji kiduchu, anazitwanga zingali na joto. Embe mbichi anaikuna. Halafu inakuja kazi ambayo hamwachii mtu: kitunguu saumu kwenye mafuta. Anakikaanga huku amekiinamia kama anakisikiliza, na kikianza tu kugeuka rangi anamimina kila kitu kwa pamoja, sufuria inapiga kelele, na sisi watoto tunakimbilia uani kukohoa. Mwisho chumvi. Chumvi ni konzi moja.

Niliwahi kumuuliza, "Bibi, unajuaje inatosha?"

"Mkono unajua."

Bibi pia anaamini pilipili mbuzi ni ya Tanga tangu dunia iumbwe. Sijawahi kumwambia kwamba mmea wenyewe ni mgeni, asili yake bara la Amerika, na kwamba waliousambaza pwani zetu ni Wareno, ambao huko Tanga sifa zao si nzuri. Jina ndilo la zamani kuliko mgeni. "Pilipili" inatokana na neno la kale la huko India la pilipili ndefu, ile inayofanana na pilipili manga. Huyu mkali wa rangi alipofika alilichukua jina akalikalia, na pilipili manga ikabaki kutambulishwa kwa nchi ya Waarabu, maana Manga ni Uarabuni. Kama mpangaji aliyekuja na begi moja, leo ndiye anayeulizwa mwenye nyumba yuko wapi.

Biashara ilianzia Tabata, Dar es Salaam, mwaka 2018, na aliyeianzisha si mimi. Kona ya mtaa wetu kulikuwa na kaka anachoma mishkaki. Nyama yake nzuri, pilipili yake maji mekundu ndani ya chupa ya kubinya. Jioni moja nikamchukulia kopo la pilipili yangu, kwa huruma tu. Kesho yake nikipita akaniita kwa mbali, "Dada! Ile kitu ipo nyingine? Wateja wamekomba kopo." Akanipa elfu tano kabla sijasema bei. Kwa hiyo kuna mtu aliona hela ndani ya lile kopo kabla yangu, naye mpaka leo anakula pilipili bure.

Tukaingia kwenye chupa. Nilinunua za plastiki Kariakoo, nyembamba, zenye kifuniko chekundu, bei ya kutupa. Nikapika, nikamimina ikiwa bado inatokota, maana nilishasikia kwamba ukijaza ya moto haiharibiki. Chupa zikanywea palepale mezani, moja baada ya nyingine, mashavu ndani kama mzee aliyevua meno ya bandia. Plastiki ile haihimili moto huo. Nikahamia kwenye vioo, na kwa kuwa vioo vipya vilikuwa ghali nikaanza kununua chupa tupu za pombe kali kutoka baa ya jirani. Nazichemsha, nabandua karatasi, nasugua gundi kwa majivu mpaka zinameremeta.

Moja ya chupa hizo nikamtumia Bibi kwa basi, nikiwa nimejaa fahari. Akanipigia.

"Mjukuu wangu, hii chupa ilikuwa ya nini?"

"Ya siki, Bibi."

Akanyamaza kidogo. "Nimezaa watoto sita, mmoja mlevi. Chupa hii naijua."

Aliimwaga pamoja na pilipili yake. Alikuwa na haki mara mbili, maana chupa ya kuokota, hata uichemshe siku nzima, kifuniko chake kimeshalegea, hakibani tena. Lakini mimi nilichukulia kwamba ni mambo ya dini tu, nikaendelea.

Basi, povu.

Februari 2019, Jumapili, saa mbili usiku. Nilikuwa nimempelekea Mangi wa duka la mtaani chupa 24, siku tisa zilizopita. Akanipigia simu akasema kwa sauti ya upole kabisa, na upole wa Mangi huwa unanitisha: "Dada, pilipili yako inatema." Nikavaa kandambili nikaenda. Kwenye rafu, chupa ya pembeni kifuniko kilikuwa kimeinuka upande mmoja, na uzi wa povu la rangi ya chungwa unashuka taratibu, umepita kwenye ubao, umelowesha pakiti za tambi chini yake. Mangi akachukua nyingine akaifungua mbele ya wateja. Ikalia *tsss*, kama soda. Wateja wakacheka. Mimi nikalipia tambi.

Usiku ule nilizunguka kukusanya kila chupa niliyoweza kuifuata: kwa Mangi, kwa kaka wa mishkaki, kwa mama lishe wawili wa stendi, kwa wifi yangu. Zilifika sitini na kitu. Zilizokuwa na povu hazikufika nusu, lakini nilimwaga zote. Harufu ilikaa chooni siku tatu, na mpangaji mwenzangu akawa anaingia na leso puani.

Nilienda kwenye mafunzo ya usindikaji wa vyakula SIDO nikiwa na swali moja tu: nizuieje povu. SIDO ni shirika la viwanda vidogo, lipo tangu 1973, na kama unataka kuanza kusindika chochote Tanzania usianze kabla hujagonga pale. Mwalimu alinisikiliza, akaniuliza kilichomo ndani, akaniuliza asidi yangu ni ngapi. Sikuelewa hata swali. Akasema povu lile ni hamira tu, hamira imekula sukari ya embe ikatoa gesi. "Hamira imekufanyia hisani," akasema, "imekupa taarifa. Kuna mwingine huja bila taarifa."

Huyo mwingine ni bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Anaishi kwenye udongo, kwa hiyo kitunguu saumu kinaweza kutoka naye shambani. Mbegu zake hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida. Hapendi hewa, na mafuta yanamfungia hewa nje vizuri kabisa. Akipata mahali pasipo na hewa, pasipo na asidi ya kutosha, kwenye joto kama la Dar, anatengeneza sumu inayopoozesha misuli, hadi ya kupumulia. Chakula chenyewe kinaweza kuwa hakijabadilika rangi wala harufu wala ladha. Nilikaa pale nikikumbuka kitunguu saumu changu kwenye mafuta, chupa zangu zilizokaa rafuni wiki tatu, na siki ambayo nilikuwa naweka "kidogo tu isiharibu ladha ya Bibi."

Kinachomzuia ni asidi. Kipimo chake kinaitwa pH, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo chakula kinavyokuwa kichachu zaidi. Mstari wenyewe ni 4.6. Chini ya hapo bakteria huyo hawezi kukua wala kutoa sumu. Mtu mwenye akili hapiki kwa kugusagusa mstari, anashuka chini ya 4 akae kwa amani. Mimi sasa nalenga 3.6, na sufuria ambalo halijafika hapo halitoki jikoni. Ya Bibi haikumuua mtu kwa sababu ina ukwaju na embe mbichi, na zaidi ya hapo, ilikuwa inapikwa Jumatatu inaisha kabla ya Ijumaa. Bibi hakuwahi kupika pilipili ya kukaa rafuni miezi sita. Nilichukua mapishi ya wiki nikayavalisha lebo ya mwaka.

Kwa hiyo nikanunua kipima pH, cha mfano wa kalamu. Nilijaribu kwanza zile karatasi za kupimia kwa kuwa ni rahisi, ila pilipili inazipaka rangi yake yenyewe, unabaki unakisia. Kalamu nayo ina adabu zake. Kila asubuhi ya kupika unaichovya kwenye vimiminika viwili maalumu, cha 4 na cha 7, kuhakikisha haikudanganyi. Unachukua pilipili kidogo, unaisaga iwe laini kabisa, unaiacha ipoe, ndipo unapima. Na ukwaju, jamani, ukwaju ni kigeugeu. Wa gunia hili si wa gunia lile. Ndiyo maana unapima kila sufuria, hata kama mkono unajua.

Kujaza pia nilifundishwa upya. Pilipili inaingia kwenye chupa ya kioo iliyopashwa moto, yenyewe ikiwa nyuzi 85 au zaidi, unafunga, halafu unalaza chupa kichwa chini kama dakika tatu, ili ule moto uchemshe na kifuniko kwa ndani. Jikoni kwangu siku ya kupika kuna safu za chupa zimesimama kichwa chini, na mgeni akiingia anadhani ni mambo ya kienyeji.

Hapo ndipo mizani ilipoingia. Siki ikishakuwa suala la usalama, huwezi tena kuimwaga kwa macho. Na ukishapima siki, unajikuta unapima embe, unapima chumvi, unapima kitunguu saumu kilichomenywa (usipime chenye maganda, nilishafanya kosa hilo). Nilimpigia Bibi aniambie viwango. Ilikuwa kama kumwomba mtu akueleze namna anavyotembea. Embe? "Embe mbili, kama ni kubwa moja na nusu." Ukwaju? "Wa kutosha." Mwishowe nikasafiri kwenda Tanga na mizani ndani ya begi, nikakaa kwenye kibao pembeni yake, kila anachoshika namnyang'anya kwanza nakipima. Alivumilia mpaka kitunguu saumu kikaungua. Akanifukuza jikoni kabla hajafika kwenye chumvi.

Nilirudi na karatasi yenye mafuta, na nusu ya hesabu. Viwango kamili siwaandikii hapa, watoto wanakula humo.

Lakini hata ukiwa na viwango, pilipili haijasoma karatasi yako. Naenda Soko la Mabibo alfajiri, kule wanakokuita Mahakama ya Ndizi, na katika mwaka mmoja nimeshanunua sado ya pilipili mbuzi kwa 4,000 na nimeshainunua kwa 18,000. Ukali wake nao unapanda na kushuka. Pilipili ya mvua nyingi huwa imejaa maji, imevimba, inapendeza macho na haifanyi kitu mdomoni. Iliyoona kiu inakuja ndogo, imekunjamana, na hiyo ndiyo inayokutoa kamasi. Watu wanadhani ukali uko kwenye mbegu. Uko kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, mbegu zinapakwa tu kwa kukaa jirani. Kwa hiyo nikipata zilizo kali mno nafungua sehemu yake naondoa utando, nikipata zilizopooza naacha wote, na ladha ya mwisho naijaribu kwa ubwabwa mweupe mkavu, mimi na msaidizi wangu na yeyote atakayepita.

Mmarekani mmoja mfamasia, Wilbur Scoville, alifanya karibu hivyohivyo mwaka 1912. Alikuwa akichanganya dawa ya pilipili na maji ya sukari, anaongeza maji, watu wanaonja, anaongeza, mpaka wasisikie tena mwasho. Ukali ukawa ni idadi ya mara ulizozimua. Pilipili mbuzi yetu ni ya ukoo mmoja na ile wanayoiita habanero, ambayo huwekwa kati ya 100,000 na 350,000 kwenye kipimo chake. Mimi namwonea huruma zaidi aliyekuwa anaonja.

Kuhusu rangi, kuna jambo niliiba Louisiana, Marekani, bila kufika huko. Watu wa Tabasco, ambao wanatengeneza pilipili yao kisiwa cha Avery tangu 1868, walikuwa na desturi ya kumpa mvunaji kijiti kilichopakwa rangi nyekundu, ile hasa wanayoitaka. Pilipili isiyolingana na kijiti inaachwa mtini. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, halafu nikakata kipande cha ndoo nyekundu iliyopasuka, nikatoboa tundu nikakifunga kamba. Kinaning'inia shingoni siku ya soko. Wauzaji wa Mabibo walinicheka miezi miwili. Sasa kuna mama mmoja ananiona tu anaanza kuchambua: "Subiri, za kijiti chako hizi hapa."

Na msidhani wakubwa wamelimaliza hili. Mwaka 2022 Huy Fong, wale wa Sriracha yenye jogoo kwenye chupa, kiwanda cha California ambacho mwanzilishi wake alianza mwaka 1980, walisimamisha uzalishaji kwa muda kwa kukosa pilipili. Mwaka huohuo nami nilisimama wiki tano kwa sababu ileile, na ninakiri nilijisikia mkubwa kidogo.

Glavu. Vaeni glavu. Kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kunawa kwa maji matupu ni kukisambaza tu. Nilijifunza siku niliyomfuta mwanangu mafua baada ya kunawa "vizuri." Jipake mafuta ya kula kwanza, ndipo sabuni. Mwanangu alisamehe baada ya maziwa na biskuti, baba yake ilichukua muda.

Nayo nyumba? Aliyesema "pilipili usiyoila yakuwashiani" hakuwahi kupanga chumba jirani na mkaanga pilipili. Ukimimina pilipili kwenye mafuta ya moto katika nyumba ya wapangaji sita, unawasha watu ambao hawajala wala hawana mpango wa kula. Baba mmoja alikuwa na pumu. Alikuja mlangoni, hakufoka, alisimama tu akihema, na mimi nikaona aibu kuliko siku ya povu. Wiki ileile nikaanza kutafuta banda. Nikapata la vyumba viwili nyuma ya gereji, sakafu nikaisakafia upya, kuta nikapaka rangi inayooshwa, madirisha nikatia nyavu. Ilikuwa lazima kwa vyovyote, maana jiko la biashara halitakiwi kuwa jiko la nyumbani, na mkaguzi akija jambo la kwanza anaangalia hilo.

Vibali siandiki sana. Jina la biashara BRELA, TIN ya TRA, leseni ya halmashauri, vipimo vya afya kwa kila anayeshika chakula, halafu TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yalitoka kwa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, yakahamia TBS, kwa hiyo usajili wa jengo na wa bidhaa vyote viko mlango mmoja. Mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO hupewa nafuu ya ada ya alama ya ubora miaka ya mwanzo. Watu wengi hawajui, wanaogopa wanajificha. Sampuli yangu ya kwanza ilirudi kwa sababu ya lebo: niliandika "viungo" bila kuvitaja. Aibu ni yangu. Mistari ya bakodi nayo unaipata GS1 Tanzania, inaanza na 620, na nakumbuka siku niliyoichanganua kwa mara ya kwanza kwenye mashine ya supamaketi ikalia *piip*. Nilimwomba yule binti wa kaunta airudie.

Sasa hela, maana najua mliruka mpaka hapa.

Miezi saba ya kwanza niliuza chupa shilingi 2,000 na nilikuwa nafurahi. Nilipopata mizani nikapata na daftari, nikaandika sufuria moja kama lilivyo, chupa 40 za mililita 250. Pilipili sado mbili, 14,000. Embe, ukwaju, kitunguu saumu, mafuta, chumvi, 9,500. Siki lita tatu, 6,000. Chupa na vifuniko, 28,000. Lebo 6,000. Gesi 4,000. Nauli na bodaboda 8,000. Jumla 75,500. Rudieni mkaone: chupa tupu zimekula mara mbili ya pilipili. Mimi ni muuza vioo ambaye anavijaza.

Kati ya chupa 40, moja inavunjika, tatu zinaenda kuonjwa. Zinabaki 36. Kwa 2,000 ni 72,000. Nilikuwa napata hasara ya 3,500 kila nikipika, na nilikuwa napika mara mbili kwa wiki, na watu wananiambia, "Hongera, biashara imekua." Ilikuwa inakua kweli. Nikapandisha hadi 2,500 kwa duka. Sufuria likaingiza 90,000, faida 14,500, nikitoa 10,000 ya msaidizi zinabaki 4,500 za kwangu kwa kazi ya siku mbili. Bado aibu. Kilichonitoa ni kununua chupa za jumla tukiwa wanawake wanne, mmoja wa achari, mmoja wa asali, mmoja wa siagi ya karanga. Bei ya chupa ikashuka karibu nusu. Halafu nikawa na ujasiri wa kusema 3,000. Mangi alinuna siku mbili. Wateja wake hawakununa.

Adui mkubwa sasa ni mali kauli. Unaacha katoni mbili dukani, wanakuambia lipo fungu lako ikiuzwa. Inauzwa. Unapita, "Bosi hayupo." Unapita, "Njoo mwisho wa mwezi." Kuna duka kubwa moja, silitaji, lilinikalisha siku 94 na hela ya katoni sita, na siku ya kulipa wakakata "gharama za rafu" ambazo hatukuwahi kukubaliana. Mtaji ulikuwa umekaa kwao, mimi nakopa vikoba kununua siki. Tangu hapo duka jipya linaanza na chupa sita, taslimu. Likikataa, chupa sita hizo nampa kaka wa mishkaki, anazimaliza Jumamosi moja.

Desemba iliyopita nilienda Tanga na katoni nzima, chupa mpya, kifuniko kipya, kisicho na historia yoyote. Bibi akaifungua mwenyewe. Akamimina kwenye kisahani, akachovya kidole, akakaa kimya muda mrefu. Nikamwambia hii ni ya wiki hii, na hii nyingine ni ya Agosti, onja zote mbili. Akaonja. Akaonja tena ya Agosti.

"Zote moja," akasema. Nikaanza kutabasamu. "Zote chumvi haijatosha."

Akainuka akaenda kwenye kopo lake la chumvi, akachota. Nikawahi mizani kwenye begi, nikaiweka mezani, nikamshika kiwiko.

"Bibi, tafadhali. Weka hapa kwanza."

Akaniangalia kama anavyoangalia watu wa benki. Akaachia. Gramu 46.

"Rudia, Bibi."

Gramu 46.

"Mara ya mwisho."

Gramu 47. Nikamwonyesha namba, akasema hiyo moja ni mkono umelowa jasho kwa kuchezewa, nitoe kitu changu mezani watu wale.